Jiwe la Utingo

Breki ya mguu ni ya dereva, breki ya mkono ni ya watu wengine. Ndivyo ninavyoamini mimi, na msomaji akinivumilia nitamweleza ni kwa nini. Unapokanyaga breki ya mguu wewe mwenyewe umo ndani ya gari, macho yako mbele, na kama kuna kasoro utakuwa wa kwanza kuijua. Lakini breki ya mkono unaivuta, unazima injini, unashuka, unakwenda zako dukani. Kuanzia hapo gari linabaki peke yake na mteremko. Likiamua kuondoka halitakukuta wewe. Litamkuta mama anayepita na kigari cha mtoto, au kijana aliyeinama kufunga kamba za viatu. Hao hakuna aliyewauliza kama waya ulikuwa mzima.

Nasema haya kwa sababu mwaka 2018 niliishi miezi mingi jirani na gari lisilokuwa na namba, wala milango, wala paa. Lilikuwa ndani ya banda la nyumba ya dada yangu mjini Coventry, Uingereza. Mwenye gari alikuwa shemeji, mume wa dada. Hakulinunua dukani. Alikuwa analiunga mwenyewe, bolti moja baada ya nyingine, kila akitoka zamu ya usiku kazini.

Najua mshikaji wa Magomeni akisikia habari ya gari la kuunga nyumbani atacheka mpaka ashike mbavu. Lakini kwa Waingereza jambo hili ni la siku nyingi. Mwaka 1957 mhandisi Colin Chapman alitoa kigari kilichoitwa Lotus Seven, chepesi, kifupi, magurudumu ya mbele yako nje kama macho ya chura. Uliweza kukinunua kikiwa vipandevipande ukakiunga mwenyewe, na sababu kubwa ilikuwa ya mfukoni: gari zima lilitozwa kodi ya mauzo, vipande havikutozwa. Mlango huo ulifungwa mwaka 1973 ilipoanza kodi ya VAT, na mwaka huohuo kampuni ya Caterham ikachukua haki ya kuendelea kukitengeneza. Lakini ugonjwa ulikuwa umeshaingia kwenye damu. Mwaka 1996 Ron Champion, aliyekuwa mwalimu, akatoa kitabu cha kumfundisha mtu kujenga gari la sampuli hiyo kwa pauni 250 tu: mabomba ya chuma ya mraba, mashine ya kuchomelea, na Ford moja kuukuu ya kuchinja. Magari hayo yakaitwa Locost, na mabanda ya Uingereza yakajaa vijana na wazee wenye mikono myeusi.

Shemeji hata hakuanzia mwanzo. Alinunua kazi ya mtu aliyechoka njiani. Chesisi ilikuwa imeshachomelewa, vumbi juu, na maboksi saba ya vipande vya Ford Sierra.

"Bei ya bure kabisa, shemeji," aliniambia.

"Rahisi ghali," nikamjibu.

"Wewe shika tochi."

Na kweli kazi yangu ilikuwa kushika tochi. Dada alikuwa na mtoto wa miaka miwili na kazi ya zamu hospitalini, mimi nilikuwa mwanafunzi, usiku sikosi nafasi. Nilishika tochi, nikapokea nati, nikatafuta spana namba 13 iliyokuwa chini ya miguu yangu mwenyewe. Nilikuwa utingo wa gari lisilotembea.

Sasa, gari la namna hii haliingii barabarani hivihivi. Tangu mwaka 1998 serikali iliweka ukaguzi maalumu wa magari yanayojengwa na watu binafsi, ulioitwa SVA, na mwaka 2009 ukaja mwingine mkali zaidi, IVA. Mkaguzi hulichukua gari lako peke yake, kwa saa kadhaa, na kuliuliza maswali ambayo wewe hukuwahi kujiuliza. Taa, moshi, kelele, mikanda, vioo. Ana hata tufe la milimita 100 la kupimia bodi, na kona ya nje ambayo tufe hilo linaweza kuigusa lazima iwe imeviringwa, nusu kipenyo isipungue milimita 2.5, ili gari likimgonga mtu lisimkate pia. Ukishinda unapewa cheti, na kwa cheti hicho ndipo unaomba namba.

Kuhusu breki ya mkono, sheria ya huko inataka mambo mawili ambayo nilipoyasikia yalinikaa kichwani. La kwanza, ikishavutwa lazima ishikiliwe na chuma kwa chuma, waya au rodi, isitegemee mafuta ya breki wala umeme. Mafuta yanaweza kuvuja taratibu usiku watu wamelala. La pili, iweze kulishika gari kwenye mteremko wa asilimia 16, yaani kila mita 100 unapanda mita 16. Ukitazama kwa macho si mlima wa kutisha. Lakini gari la kilo 600 likiwa juu ya mteremko huo linajivuta kuteremka kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 95. Hebu fikiria mwanaume mnene amening'inia kwenye ule waya mchana na usiku. Hachoki, wala hasinzii.

Matata yalianzia kwenye mkono wenyewe. Mkono wa breki wa Sierra ulitengenezwa kwa ajili ya gari la familia. Ukiuweka ndani ya kigari hiki, ambacho dereva anakaa kama amekalia chini, unakuwa mrefu kupita kiasi. Ukiuvuta unagonga mkono wa gia. Ukiushusha unakuchoma kwenye paja. Na waya wake nao ulikuwa mrefu, unaning'inia jirani kabisa na propela shafti inayozunguka chini ya kiwiko chako.

Hapa nitoe somo dogo, maana ndipo kisa kilipo. Mkono wa breki ni wenzo, kama mti wa kung'olea kisiki. Wa shemeji ulikuwa na sentimita 30 kutoka kwenye kishikio hadi kwenye ekseli yake, na waya ulifungwa sentimita 5 upande wa pili. Thelathini gawanya kwa tano, sita. Kwa hiyo ukivuta kwa nguvu ya kilo 20, waya unapata kilo 120. Halafu kuna kipande cha kusawazisha kinachogawa nguvu hiyo kwa magurudumu mawili ya nyuma, kila moja kilo 60. Sasa ukikata mkono ukabaki sentimita 20, hesabu inakuwa ishirini kwa tano, yaani nne. Kuvuta kulekule kwa kilo 20 kunatoa kilo 80, arobaini kila gurudumu. Umekata sentimita 10 za bomba, lakini kwa kweli umekata theluthi moja ya breki.

Mjanja atasema, basi sogeza tundu la waya karibu na ekseli ya mkono, nguvu irudi. Ni kweli itarudi, ila nguvu ya wenzo hulipiwa kwa mwendo. Waya utasogea kidogo zaidi kwa kila kuvuta, na mkono unaweza kufika mwisho wa meno yake kabla breki shuu hazijabana sawasawa kwenye drami. Bure haipo, si kwenye mboga wala kwenye chuma.

Siku tisa kabla ya ukaguzi niliingia bandani asubuhi na chai ya shemeji, nikaukuta mkono wa breki umekuwa mfupi. Alikuwa ameukata usiku, akaupasha moto kwa gesi hadi ukawa mwekundu, akaupinda, akauchomelea tena. Waya nao aliukunja, akaubana kwa kibanio cha skrubu mbili. Juu ya vyote akavalisha kingozi cheusi kilichoshonwa vizuri, maridadi, utadhani kimetoka kiwandani. Alikuwa amekaa ndani anatabasamu.

"Vuta uone."

Nikavuta. Ka-ka-ka-ka. Ulikuwa mzuri mkononi, lazima niseme ukweli.

"Na hapo ulipochomelea?"

"Mkaguzi hafungui ngozi, shemeji. Anavuta, anapima kwenye rola, anaandika, basi. Nimelipa ada, nimeomba siku mbili kazini, nikiahirisha napoteza vyote. Tutarekebisha baadaye."

Msomaji, wewe na mimi tunaijua hiyo "baadaye". Ndiyo inayoendesha nusu ya daladala za mjini. Lakini simlaumu sana, maana nilijua kilichokuwa nyuma ya maneno yake. Mwanaume huyu Tanga alikuwa fundi, watu walimwita fundi barabarani. Coventry alikuwa mtu wa kubeba maboksi usiku, jina lake halitamkiki kwa msimamizi wake. Cheti kile kilikuwa karatasi ya kwanza ya nchi ile ambayo ingesema kwamba mikono yake inajua kitu. Na mtu mwenye kiu kama hiyo humwambii asubiri kwa urahisi.

Dada alipotoka kazini nikamweleza. Hakupiga kelele. Alisimama mlangoni mwa banda, mtoto kiunoni, akatazama njia ya kuingilia nyumbani kwetu. Inateremka kutoka bandani hadi kwenye geti, na nje ya geti ni njia ya waenda kwa miguu ambayo watoto wa shule hupita saa tisa.

"Baba fulani," akasema, "utaliegesha wapi hilo gari?"

Shemeji hakujibu.

Mimi akili yangu ilikuwa mbali, Usambara. Baba mdogo alikuwa utingo wa lori la mboga miaka ya themanini, kati ya Lushoto na soko la Kariakoo. Anayeijua barabara ya Mombo hadi Lushoto anaelewa ninachosema: ni kilomita 33 hivi za kukwea, kona juu ya kona, mwamba huku, korongo kule, na Soni katikati kama pumziko. Lori limejaa kabichi na karoti. Baba mdogo alikuwa na jiwe lake, analiweka nyuma ya siti, lina umbo la kabari, pembe zimelainika kwa miaka. Lori linaposimama, kabla dereva hajasema lolote, jiwe liko chini ya gurudumu. Alikuwa na vidole vitatu mkono wa kushoto, viwili vilibaki huko barabarani siku ambayo jiwe lilichelewa. Tukiwa wadogo tulikuwa tunamwomba atueleze, naye alikuwa anamaliza kwa maneno yaleyale: "Jiwe la mapema ni jiwe. Jiwe la kuchelewa ni kaburi."

Nikamwambia shemeji, "Sawa. Usiniamini mimi, mimi mtu wa vitabu. Tuliulize gari lenyewe."

Tulilijaribu jioni ile, na hapa ndugu yangu kama na wewe unaunga gari lako siku moja, usidharau namna ya kujaribu. Tulipima kwanza mteremko wa nyumbani kwa ubao, pimamaji na futi kamba: kila mita moja ulipanda sentimita 12, yaani asilimia 12. Ni mdogo kuliko ule wa sheria. Tulifunga geti, dada akabaki ndani na mtoto. Tukalisukuma gari hadi katikati ya njia, pua juu. Nikaweka kabari mbili za mbao ngumu nyuma ya magurudumu ya nyuma, shubiri moja tu, ili likiteleza lisipate kasi. Kisha nikasimama pembeni kabisa, si nyuma wala si mbele. Shemeji alikaa kwenye usukani, gia huru, mguu juu ya breki lakini haugusi. Akavuta mkono.

Likatulia. Nikaanza kuhesabu kwa sauti. Kumi. Ishirini. Shemeji akanikonyeza.

Nilikuwa nimefika thelathini na nne niliposikia "ta!" ndogo, kama mtu anayevunja kijiti. Halafu "ta-ta". Gari likashuka nyuma shubiri moja, likakaa juu ya kabari zangu, likatikisika, likanyamaza.

Hakuna aliyesema neno. Nje ya geti alipita mtu na mbwa wake, akatusalimia.

Tulifungua kile kingozi usiku uleule. Kipande chenye meno na ulimi unaodaka meno hutengenezwa kwa chuma kilichokomazwa. Ukikipitishia tupa, tupa inateleza kama juu ya kioo. Tulijaribu. Tupa ilikula jino kama inakula bati. Ule moto wa gesi, aliopinda nao mkono, ulikuwa umepita hadi kwenye meno na kuulainisha ugumu wao, na ncha za meno mawili zilishakuwa za mviringo. Kwenye waya shemeji alikuwa ameweka alama ya rangi nyeupe pembeni mwa kibanio. Sasa alama ilikuwa imesogea milimita mbili. Waya ulikuwa unachomoka polepole kwenye kibanio, kimyakimya.

Shemeji aliishika tupa muda mrefu. Kisha akatoa simu, akaandika kuomba tarehe ya ukaguzi isogezwe mbele. Siku zake mbili za ruhusa zilipotea, na mwezi ule nyumbani tulikula maharage kweli kweli.

Tulichofanya baada ya hapo nakiandika kwa ufupi kwa faida ya wenye mabanda.

Kwanza, mkono haukukatwa tena. Tulipata mwingine mzima kutoka kwenye gari lililochinjwa, na badala ya kuufupisha tukausogeza nyuma sentimita 12, hadi ukawa unavutika bila kugusa gia wala paja. Sheria ya shemeji ikawa hii: sehemu ya breki haipashwi moto, haichomelewi, haipindwi. Kinachobadilishwa ni mahali inapokaa.

Pili, mahali pa kukaa pawe pa kweli. Lile bati la alumini linalofunika propela shafti ni pambo, halibebi kitu. Tulitengeneza sahani ya chuma ya milimita 3, ikachomelewa kwenye mabomba ya chesisi, na kazi hiyo shemeji alimlipa mchomeleaji anayeishi kwa kuchomelea. Bolti zilikuwa za daraja la 8.8, na nati zenye pete ya nailoni ndani zisizolegea kwa mtikisiko.

Tatu, waya haufupishwi kwa kibanio. Uko mtambo wa kubana vichwa vya waya, na ziko karakana ambazo ukiwapelekea kipimo wanakutengenezea waya wa urefu unaoutaka. Tulipima gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, halafu tukalinyanyua kwa jeki magurudumu yakaning'inia, tukapima tena. Gurudumu la nyuma hupanda na kushuka, na waya uliokaza mno utajivuta wenyewe kila ukipita shimo, breki zichemke bila wewe kujua. Ukilegea mno utaisogelea propela. Tukauwekea vishikizo, mbali na propela na mbali na bomba la moshi.

Nne, kile kipande cha kusawazisha hakikuguswa. Wapo wanaokitoa ili kupunguza vipande. Ukikitoa, gurudumu moja linabana na lingine linazurura.

Tano, unaporekebisha, anza kwenye drami. Breki shuu zikae karibu na drami kama inavyotakiwa, ndipo ukaze waya. Anayekaza waya ili kuficha breki shuu zilizoisha anajidanganya. Mwisho tukatia kotapini mpya kila kwenye pini, tukapinda ncha zake. Breki ilibana jino la tano, na meno mengi yakabaki akiba ya siku za uchakavu.

Tukarudi kwenye mteremko, kabari zilezile, geti limefungwa. Nilihesabu hadi mia sita. Shemeji akagonga mkono kwa kiganja, juu na ubavuni, uone kama utafyatuka. Haukufyatuka. Tukaliacha pale usiku kucha, kabari ziko nyuma yake, na asubuhi magurudumu hayakuwa yamezigusa.

Siku ya ukaguzi mimi sikuruhusiwa kukaribia, nilisubiri kwenye kiti cha plastiki nikiandika hadithi ambayo haikwenda popote. Shemeji alitoka baada ya saa nne na karatasi mkononi. Alikuwa ameanguka. Ncha ya bolti kwenye kioo cha pembeni haikuwa na kifuniko. Na taa ya ukungu ya nyuma tuliifunga kushoto, wakati huko inatakiwa katikati au upande wa dereva, kulia. Mambo mawili madogo, kazi ya jioni moja, na aliporudi mara ya pili akapita.

Lakini mimi nilikuwa naitafuta breki ya mkono kwenye ile karatasi ya kwanza. Niliisoma mara mbili. Hapakuwa na neno. Karatasi ile inaandika makosa tu, kisicho na kosa kinapita bila kutajwa. Siku kumi na tisa za ugomvi, maharage na mafuta ya taa mikononi, na malipo yake ni nafasi tupu.

Nikawaza sisi tunaopeleka kazi zetu kwenye kurasa kama hizi. Sote tuna kile kingozi cheusi. Sentensi nzuri tuliyoivalisha juu ya kiungo tulichokichomelea usiku wa mwisho, tukijua mhariri hatafungua. Pengine kweli hatafungua. Lakini msomaji ataliegesha juu yake gari lake lote, yaani imani yake, na yeye ndiye atakayesimama chini ya mteremko. Kazi iliyofanywa sawasawa haitajwi na mtu. Anayetaka kutajwa kwa kila jino afanye kazi nyingine.

Namba ilipofika dada ndiye aliyeomba kuliendesha kwanza. Shemeji akampa ufunguo bila ubishi, na si kawaida yake. Akazunguka mtaa, akarudi nywele zimesimama, anacheka peke yake, akalipandisha hadi katikati ya njia. Ka-ka-ka-ka-ka. Akazima, akaruka nje kama msichana. Mimi na shemeji tulikuwa tumesimama mlangoni mwa banda, nami nikamwona amebana pumzi.

Geti lilikuwa wazi na upepo ulikuwa unalipigapiga. Dada akapita nyuma ya gari, taratibu, akifunga kitambaa chake kichwani, akateremka kwenda kulifunga. Hakugeuka kulitazama.